Miaka Kumi na Saba kwenye Benchi

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja na dakika arobaini za alfajiri, binti yetu wa mwisho alipomuuliza mama yake kama siku ya komunyo yake ya kwanza watakwenda mbele pamoja. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu nilikuwa ninaifunga mkononi. Mke wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, akipuliza makaa ili chai iwahi kabla ya Misa. Mtoto, mwenye miaka kumi, alikaa karibu naye na daftari la katekisimu mapajani.

"Mama," alisema, "katekista anasema kila mutoto atashikwa mukono na bazazi bake mpaka ku altare. Batapokea pamoja. Weye na Papa mutakuya?"

Mke wangu hakuinua uso. "Tutakuya mpaka kanisani."

"Mpaka kanisani, ndiyo. Lakini mpaka ku altare?"

"Ongeza maji kwa sufuria," alisema mke wangu.

Nilitoka nje nikasimama uani. Kulikuwa na ukungu, kama kawaida Butembo saa hiyo, na sikuwa na kazi yoyote ya kufanya huko nje.

Lazima nieleze. Mke wangu na mimi tulikuwa mume na mke mbele ya familia zetu zote mbili. Nilitoa mbuzi wa mahari, wote isipokuwa mmoja, yule wa mjomba wake, ambaye kwa desturi ya familia yao hutolewa mwisho, arusi ya kanisa inapokaribia. Tulikuwa na watoto wanne. Tulichokosa ni ndoa ya kanisa, na Mkatoliki anayeishi na mwenzake bila ndoa hiyo hapokei komunyo. Mke wangu hakukosa Misa ya Jumapili ila kwa ugonjwa au uzazi. Wakati wa komunyo watu wa benchi lake waliposimama, yeye alibaki ameketi, akasogeza magoti upande mmoja ili wapite, na waliporudi akayasogeza tena. Mimi nilizoea kusimama nyuma karibu na mlango, pamoja na wanaume wengine, mahali ambapo mtu asiyekwenda mbele haonekani. Kwa hiyo aibu ile aliibeba peke yake, kila Jumapili, kwa miaka kumi na saba. Sikuwahi kuifikiria kwa namna hiyo mpaka asubuhi ile uani.

Kilichotuchelewesha si ukosefu wa imani. Kilichotuchelewesha ni karamu.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Wanunuzi wa kakao wa Beni na Mangina, wauzaji wa maharage na viazi wa hapa Butembo, wote huniletea mizani zao zinapoanza kusema uongo. Shuleni sikufika mbali. Ufundi huu niliupata katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa wiki. Ndiyo sababu wenzangu wa sokoni, tulipoanzisha chama chetu tukiwa vijana, walinifanya mwandishi. Tulikuwa kumi na wanne. Kusudi la chama lilikuwa moja: kusaidiana katika arusi, ili hata mwana wa mkulima apate karamu ambayo watu hawataicheka. Kila mwenzetu akioa, sisi wengine tunatoa. Niliandika kanuni zenyewe kwa mkono wangu, vifungu kumi na viwili. Kifungu cha saba kilisema kwamba mchango hutolewa ukumbini, mbele ya wageni, na kwamba asiyefanya karamu hana haki ya kudai. Nilikiona kifungu kizuri. Kilizuia mtu kuchukua fedha za arusi na kununua pikipiki.

Wakati huo arusi ilikuwa masufuria mawili ya wali, nyama, pombe ya ndizi ya kasiksi na redio kubwa ya kukodi. Baadaye ikakua. Yakaja magari yaliyofungwa utepe, keki ya ghorofa tano, msema-chochote mwenye kipaza sauti, kamera inayoruka juu ya paa la kanisa ikinguruma kama nyuki. Sasa maarusi huingia ukumbini kwa kucheza, hatua mbili mbele na moja nyuma, na nimewahi kupima muda: dakika thelathini na nane kutoka mlangoni hadi vitini. Picha zinakuwa kwenye simu za mji mzima kabla wageni hawajala. Sisemi kwamba ni dhambi. Nilihudhuria arusi kumi na moja za wenzangu, nilikula, nilifurahi, na katika mbili nilicheza. Mwenyekiti wetu, muuza mabati mnene mwenye sauti ya padri mkuu, kila mara mtu aliponung'unika kuhusu gharama alisema: "Hata Yesu alienda ku arusi ya Kana, na divai ilipokwisha hakusema mukunywe maji." Wote walicheka, nami pia.

Nilikuwa nikisubiri zamu yangu ipate nguvu. Mwaka wa kwanza tuliezeka nyumba. Wa pili alizaliwa mtoto. Kisha karo, kisha duka langu likaibiwa, kisha ulikuja ugonjwa ule wa kuambukiza ulioanzia upande wa Mangina, watu wakaogopa kushikana mikono, na karamu zikanyamaza kwa muda. Ulipokwisha, vita vikasogea. Kila mwaka nilifungua daftari, nikakadiria karamu, nikaona haijatosha, nikaahirisha. Kila mwaka karamu yenyewe ilikuwa imepanda bei. Nilifanya hesabu sahihi kuhusu jambo ambalo sikupaswa kulifanyia hesabu.

Jumapili ile baada ya Misa nilimkuta mke wangu akitandaza unga wa muhogo kwenye turubai. Anauza unga sokoni, na yeye mwenyewe huuchekecha mara mbili.

"Juu ya nini hukuniambia kama inakuumiza?" nilimuuliza.

"Nilikuambia. Mwaka ya kwanza. Ukanionesha cahier ya hesabu."

"Na nyuma ya pale?"

"Nyuma ya pale niliona cahier inakuwa munene." Alivunja bonge la unga kwa vidole. "Miye sina shida na gâteau ya ghorofa, Papa ya batoto. Ile robe nyeupe ya bibi-arusi, leo itaingia kwa mukono moja tu. Minataka tu nisimame na mutoto wangu. Anapitapita na lile swali tangu Ijumaa. Leo njo amepata nguvu ya kuuliza."

Zilikuwa zimebaki Jumapili sita kabla ya siku ya mtoto.

Jumatatu nilikwenda kwa padri. Ni kijana kuliko mimi kwa miaka kumi na tano, anavaa ndala ofisini, na husikiliza huku akichonga penseli. Nilimweleza kwa utaratibu. Alipomaliza penseli aliniuliza swali moja.

"Papa, nani alikuambia kwamba ndoa inahitaji karamu?"

Nilifikiria kwa bidii. Kwa kweli hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Alinieleza kinachohitajika: sisi wawili, mashahidi wawili, matangazo ya Jumapili tatu, maungamo, na neno la familia ya mke kwamba hawana kizuizi. Wazazi wa mke wangu wamekufa, kwa hiyo neno hilo lilikuwa la mjomba. Padri alitaka karatasi yenye sahihi yake ndani ya wiki mbili, la sivyo Jumapili za matangazo hazingetosha. Aliongeza kwamba mwezi wa nane kungekuwa na ndoa za pamoja, jozi ishirini kwa siku moja, kama tungependa kungoja wengine. Nilimwambia hatungengoja wengine. Nilishangaa mwenyewe kusikia jinsi nilivyolisema haraka.

Alhamisi chama kilikutana, nyuma ya duka la mwenyekiti, katikati ya mabati. Niliomba wabadilishe kifungu cha saba. Nilisema nitafunga ndoa saa moja ya asubuhi, bila ukumbi, na kwamba yale niliyoyatoa kwa miaka yote yangenisaidia nyumbani kama yangerudi, hata nusu.

"Sekreteri," mwenyekiti alisema, "soma ile article."

Nilisoma.

"Iko kwa mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Voilà."

Mwingine, fundi viatu ambaye arusi yake ilikuwa na magari saba, alinitazama kwa huruma ya kweli. "Yaya, kaka yetu, unataka kuoa kama mutu mwenye kukimbia deni? Saa moja ya asubuhi? Ata mbwa ya padri itakuwa ingali inalala."

"Bibi yako atavaa nini?" aliuliza wa tatu. "Tablier ya soko, ile aproni ya unga?"

"Kitenge yake ya Jumapili," nilijibu.

"Banakufanyia nini ku ile mizani, ndugu? Umepima arusi, umeona iko mingi?"

Walicheka, na sikuona ubaya katika kicheko chao. Mwenyekiti alieleza, kwa upole, kwamba wakinibadilishia mimi, wale wawili ambao bado hawajaoa watadai vilevile, na mmoja wao anajulikana kwa kupenda pikipiki. Nilijua ana haki. Nilikuwa nimetoa hoja ileile miaka iliyopita, karibu kwa maneno yaleyale. Tulipiga kura, nami nikayaandika matokeo kwenye daftari la chama: kumi na mmoja walikataa, wawili hawakuwa na maoni. Mimi sikupiga kura kwa sababu jambo lilinihusu.

Basi nilijua kwamba nikienda kanisani bila karamu ninaacha kila nilichokitoa. Nilikaa dukani siku mbili na jambo hilo. Sitaki kusema kwamba nilikuwa mwepesi. Nilisafisha mizani moja ya kakao mara tatu ingawa ilikuwa safi. Lakini kila nilipojaribu kufikiria mwaka mmoja zaidi, nilimwona mtoto anakwenda mbele na shangazi yake, na mama yake anasogeza magoti ili wapite.

Mjomba alikuwa mkulima wa Alimbongo, mwenye mbuzi wengi. Vita vilimtoa huko. Sasa anaishi Beni, upande wa Mavivi, katika chumba alichopewa na mwanawe. Nilimpigia simu, nikamwambia nitamletea thamani ya mbuzi wake kwa fedha, kwa sababu barabara ni mbaya na mjini hana zizi.

"Franga haina manyoya," alisema. "Leta mbuzi." Akakata.

Nilichagua mbuzi sokoni kwa nusu siku nzima. Jumamosi ya wiki iliyofuata nilipanda naye gari la rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni anayebeba vitunguu na viazi kutoka Butembo na kurudi na mafuta ya mawese. Mizani zake nazitengeneza mimi tangu zamani. Mbuzi tulimfunga nyuma, juu ya magunia.

"Fundi," aliniuliza tulipopita mji, "unaoa bibi gani? Ya pili?"

"Ya kwanza. Mwenye unamujua."

"Ule Mama wa unga?" Alipunguza mwendo ili aniangalie vizuri. "Si muko na batoto bane?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka kona tatu zikapita.

"Sisi," alisema, "ni shehe, walii, mashahidi babili, mahari. Kahawa. Imeisha. Ninyi munangoya nini, bia ipoe?"

"Na ile arusi ya binti yako, mwaka jana? Banasema muziki ya sono ilisikika mpaka soko."

Alikohoa. "Ile ni mama yake," alisema. Kisha akaongeza: "Na kamera ya kuruka. Ilianguka kwa sufuria ya pilau." Tulicheka wote wawili, kwa sababu kumbe ugonjwa wetu wa karamu ni mmoja.

Kwenye kizuizi kimoja askari kijana alizunguka gari, akamwona mbuzi, akauliza kwa Lingala karatasi zake ziko wapi.

"Chef," rafiki yangu alisema kwa heshima zote, "uyu ni mahari. Amechelewa miaka kumi na saba. Tukimufungia hapa, bibi ya uyu mzee atazeeka bila ndoa."

Askari alinitazama, akatazama mvi zangu, akatazama mbuzi. Alifungua kamba ya kizuizi mwenyewe. "Kende," alisema, nendeni, na nadhani alikuwa anazuia kicheko.

Mjomba alitupokea uani. Ni mzee mwembamba, amenyooka, na koti lake ni lile alilokimbia nalo. Hakunisalimu mimi kwanza. Alimfungua mbuzi kinywa, akahesabu meno, akainua kwato moja moja, akapapasa tumbo taratibu kwa kiganja, akarudia mahali palepale.

"Iko na mimba," alisema.

"Ndiyo, noko." Ndivyo tunavyomwita mjomba. "Nilitafuta mwenye mimba."

"Basi umeleta zaidi ya moja." Alimfunga kwenye nguzo ya ukuta, akanyoosha mgongo, ndipo akanipa mkono. "Mukwe, karibu. Mulikuwa munangoya nini?"

Tulikaa kwenye ngazi. Mke wa mwanawe alituletea chai. Nikamwambia kuhusu karatasi ya padri, mtoto, na komunyo. Nilipofika kwenye benchi alinikatiza.

"Ngoya. Mutoto wa dada yangu hapokei Yesu tangu wakati gani?"

"Tangu tulianza kuishi pamoja."

"Miaka yote ile." Aliweka kikombe chini. "Ku Alimbongo nilikuwa na mbuzi makumi matatu. Banakuya kuniambia mutoto wangu anakaa kwa benchi juu ya mbuzi moja? Ningemulipa mwenyewe. Ningemutuma na kamba yake."

Ingekuwa rahisi kukaa kimya na kuliacha jambo liwe la mbuzi. Alikuwa amenifungulia mlango.

"Haikuwa juu ya mbuzi, noko," nilisema. "Mbuzi ningepata. Ilikuwa juu yangu. Nilitaka karamu."

Mbuzi alikuwa ameanza kula ganda la ndizi kando ya ukuta, na mzee alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ya zamani.

"Yeye alilia?" aliuliza mwishowe.

"Hapana. Sijamuona analia."

"Ule hajui kulia mbele ya mutu. Mama yake alikuwa vile." Akanyoosha mkono. "Leta ile karatasi."

Alisoma yote, kwa kidole, kisha akatia sahihi herufi kwa herufi. Nilimwomba aje siku ya ndoa, nikamwambia rafiki yangu angemleta.

"Na mbuzi, nani atalinda? Mutoto wangu uyu ni mutu wa mji, anamuogopa." Ilikuwa kweli: mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na hakuwa amekaribia. "Muende. Mumusalimie. Mumuambie noko amekula mahari yote, hana neno tena." Tulipoondoka alikuwa ameshapata mbao mbili na anatafuta misumari.

Jumapili iliyofuata padri alisoma matangazo yetu ya kwanza. Jina langu liliposomwa kama mchumba, wanaume wa mlangoni waligeuka kunitazama. Mmoja, ambaye najua hali yake ni kama yangu, aliniuliza kwa sauti ya chini inalipwa kiasi gani. Nilimwambia padri hakutaja bei yoyote. Akatazama viatu vyake mpaka mwisho wa Misa.

Katika wiki zile niligundua jambo ambalo nisingeligundua katika kitabu. Mke wangu alipokea komunyo mara ya mwisho akiwa msichana, na wakati ule watu walipokea kwa ulimi. Tangu ugonjwa ule wa Mangina, kwetu huwekwa mkononi, ili watu wasiambukizane. Yeye aliona wengine kwa mbali, kwa pembeni, lakini hakuwahi kuangalia sana. Nadhani aligeuza macho. Hakujua mikono inawekwaje. Alasiri moja nilirudi mapema nikawakuta yeye na binti yetu wamesimama uso kwa uso uani, na mtoto ameshika kipande cha ndizi.

"Ya kushoto juu, Mama. Ya kuume chini, kama kiti."

"Kama hivi?"

"Usifunge vidole. Ukifunga, padri ataweka wapi? Sasa miye ni padri. Mwili wa Kristu."

"Amina," alisema mke wangu, taratibu sana, na alipokea kile kipande cha ndizi kwa uzito ambao sijauona kwenye kanisa lolote.

"Sasa unakula palepale. Usitembee nayo."

Aliponiona aliifuta mikono kwenye kitenge, akacheka kidogo. "Kuya," aliniambia. "Na weye hujui." Nikasimama kwenye mstari nyuma yake. Mtoto alinirudisha mara mbili kwa sababu niliinama mno.

Ndoa ilifungwa Jumamosi, saa moja kamili ya asubuhi, siku moja kabla ya komunyo ya mtoto. Mke wangu alikuwa amemwomba padri iwe bila Misa, ili tupokee kesho yake, watatu pamoja. Alivaa kitenge chake cha Jumapili, na kitambaa kipya kichwani, alichoshona mwenyewe. Kanisani walikuwamo vikongwe wa Misa ya asubuhi waliobaki walipoona kuna jambo, mashahidi wetu, watoto wetu wanne, na dada yangu. Padri aliuliza maswali yake. Mke wangu alijibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mlango, mahali nilipozoea kusimama. Mimi nilijibu kwa sauti ndogo, nikaombwa kurudia.

Tulipogeuka nilimwona mwenyekiti wa chama, amesimama nyuma na fundi viatu, wote wawili katika makoti yao ya arusi.

"Sikuleta enveloppe ya muchango," mwenyekiti alinong'ona aliponishika mkono. "Unajua juu ya nini."

"Najua."

"Nilikuya tu kuona kama mbwa ya padri iko macho." Kisha alimgeukia mke wangu, akainamisha kichwa chake kikubwa. "Mama, utusamehe. Sisi wote njo tulikuchelewesha, tulikuwa tunachekelea." Mke wangu alimjibu kwa Kinande, "Wasingya," asante, na akamwalika chai. Tulikunywa chai nyumbani kwa mikate na ndizi, watu kumi na sita, na saa tatu kila mtu alikuwa kazini kwake. Yeye mwenyewe alikwenda sokoni kuuza unga. Nilimsindikiza, nikambebea gunia.

Kesho yake kanisa lilijaa. Watoto wote walivaa nguo nyeupe kama maziwa. Katekista aliwapanga na wazazi wao, na wetu akatushika, mimi kulia na mama yake kushoto, akatuvuta kidogo kwa sababu tulikuwa wazito wa kutembea. Binti alipokea kwanza. Kisha mama yake akatanguliza mikono, ya kuume juu, ya kushoto chini. Mtoto, ambaye alikuwa bado na komunyo kinywani na hakuruhusiwa kusema, alinyoosha mkono wake mdogo, akaibadilisha mikono ya mama yake mmoja mmoja, kama mtu anayemvalisha mtoto. Padri alingoja. Mke wangu alipokea, akasema amina, akala palepale. Halafu ilikuwa zamu yangu.

Tuliporudi kwenye benchi mke wangu hakukaa. Alipiga magoti, nami kando yake, na alilia pale, bila sauti, mbele ya watu wote, kwa muda wa nyimbo mbili. Nilitaka kumpa leso nikakuta sina. Alitumia upindo wa shela ya mtoto.

Wiki hiyo chama kilikutana tena, nami nikaandika katika daftari lake kwamba mwanachama, yaani mimi, amefunga ndoa bila karamu na hana haki ya kudai. Nikajumlisha nilichotoa katika arusi zile kumi na moja, tano za kwanza kwa dola arobaini, sita za mwisho kwa dola sitini. Nyumbani mke wangu aliniuliza kama imetuuma sana, nikamwambia angoje nimwoneshe jumla. Akasema hapana, nimwambie tu kwa mdomo, ana unga mikononi. Nikamwambia: tumepoteza dola mia tano na sitini.